Dhulma Iliyoahirishwa: Kilichowapiganisha Wamarekani



Mama mmoja wa darsa yetu alituletea suali la mwanawe aliye sekondari. Wamarekani walikuwa taifa moja, na wengi wao wakisema lugha moja na kushika dini moja. Ni lipi basi lililowafanya wapigane wenyewe kwa wenyewe baina ya 1861 na 1865, hata wakafa zaidi ya watu 600,000? Kijana ameambiwa kuwa sababu ni ushuru wa forodha, na pengine kuwa ni haki za majimbo. Tumeona jawabu lake liwafae wengi.

Tuanze na mtu mmoja. Omar ibn Said alizaliwa Futa Toro, upande wa Senegal ya leo, yapata mwaka 1770, akasoma elimu ya dini kwa miaka 25. Mwaka 1807 alitekwa, akavushwa bahari, akauzwa katika bandari ya Charleston, jimbo la South Carolina. Mwaka 1831, akiwa bado mtumwa, aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu. Kabla ya kuitaja nafsi yake alitanguliza Suratul Mulk, sura inayotukumbusha kuwa mmiliki wa kweli ni Mwenyezi Mungu peke yake. Mwenye akili na azingatie.

Nchi iliyomnunua ndiyo ile ile iliyotangaza usawa wa wanadamu mwaka 1776. Lakini walipoandika Katiba yao mwaka 1787, wakuu wake waliogopa kuvunja umoja, wakaiacha dhulma mahali pake. Neno lenyewe la utumwa hawakuliandika. Waliandika tu kwamba katika kugawa viti vya Bunge watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, ilhali kura hawana. Kwamba biashara ya kuwaingiza nchini isipigwe marufuku kabla ya 1808. Na kwamba aliyetoroka arejeshwe kwa bwana wake. Wengi walitaraji utumwa ungekufa wenyewe polepole.

Haukufa, kwani ulikuwa na faida. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kutenga pamba na mbegu zake, na mashamba ya Kusini yakatanuka. Watumwa waliokuwa karibu 700,000 mwaka 1790 wakawa karibu milioni 4 mwaka 1860, na pamba ikawa zaidi ya nusu ya mali yote iliyouzwa ng'ambo na Marekani. Watu wa Kaskazini nao, ingawa majimbo yao yalikuwa yameuondoa utumwa, waliifuma pamba hiyo viwandani na kuchuma. Hata merikani, kitambaa walichovaa mabibi wa mabibi zetu, kilitoka katika viwanda vya Massachusetts, kikaletwa Unguja kwa merikebu. Vita vilipozuka, kikaadimika.

Ugomvi ulikuja juu ya ardhi mpya za magharibi: je, zitakuwa za watumwa au za watu huru? Mwaka 1820 walipatana kwa kuchora mpaka. Mwaka 1850 walipatana tena, na Kusini ikapewa sheria kali ya kuwasaka watoro hata ndani ya majimbo huru. Mwaka 1854 mapatano ya awali yalivunjwa, na damu ikamwagika Kansas. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu iliamua kuwa mtu mweusi hawezi kuwa raia, na kuwa Bunge halina uwezo wa kuuzuia utumwa katika ardhi hizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta; nao kwa miaka 70 waliupaka ufa chokaa.

Abraham Lincoln alichaguliwa mwaka 1860. Hakuahidi kuuondoa utumwa pale ulipokuwa. Alisema tu usienezwe. Hilo lilitosha. Mnamo 20 Desemba South Carolina ilijitenga, na kwa jumla majimbo 11 yakatoka. Mnamo 12 Aprili 1861 mizinga ya kwanza ilipigwa kuielekea ngome ya Sumter, katika bandari ya Charleston, pale pale alipouzwa Omar.

Basi na tumjibu kijana wetu. Ushuru ulikuwa umepunguzwa mwaka 1857, na watu wa Kusini waliridhia. Ama haki za majimbo, South Carolina katika tamko lake ililalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yalitumia haki zao kukataa kurejesha watoro. Haki waliyoililia ilikuwa ni ya kumiliki binadamu.

Kaskazini nayo iliingia vitani kwa ajili ya umoja. Tangazo la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilitoka mwaka 1863, na utumwa ukaondolewa katika Katiba mwaka 1865. Omar alikuwa amefariki mwaka 1864, bado akiwa mtumwa.

Hatusemi haya ili tuwanyooshee wengine kidole. Mashamba ya Malindi na Mombasa yalilimwa na watumwa, na hapa kwetu utumwa haukufutwa kisheria hadi 1907. Dini yetu ilifanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara, na Suratul Balad imelitaja jambo hilo. Hata hivyo waliokuwa wakiswali nyuma ya imamu mmoja walishikwa na faida, na mpaka leo wapo wanaopimana nasaba posa inapoletwa.

Dhulma hii ya kuahirisha imo pia majumbani. Baba hufa, na fungu la mirathi la dada likazuiliwa. Akidai, huambiwa asubiri, asivunje udugu. Msichana wa kazi hucheleweshewa mshahara, akaambiwa yeye ni kama mtoto wa nyumba. Miaka hupita, kisha ndugu hukutana mbele ya Kadhi, hawasalimiani. Aliyedai haki yake hakuvunja udugu. Uliokwisha kuuvunja ni mkono uliomzuilia.

Ewe baba, ewe kaka, ligawe fungu la mwenzio angali hai wa kulipokea. Mwenyezi Mungu atujaalie kutoa haki kabla hatujadaiwa. Amin.