Baiskeli ya Kike Ndiyo ya Paje

Kijana wa Paje anayetafuta baiskeli ya kwendea kazini hotelini au dukani huuliza kwanza ina gia ngapi, kisha hubonyeza shokapu za mbele kuona kama zinanesa. Anachagua baiskeli ya milimani mahali pasipo na mlima. Ukanda huu wa mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu kupitia Paje hadi Jambiani, ni tambarare ya mawe ya matumbawe iliyofunikwa mchanga, na lami yake haina mpando wa kumshusha mtu kwenye siti. Kinachomchosha mpandaji hapa ni upepo na mchanga. Kinachoimaliza baiskeli yenyewe ni chumvi. Ukipima kwa vipimo hivyo, baiskeli inayofaa ni ile ambayo vijana wetu wanaiona aibu: ya kike, yenye fremu iliyoinama mbele, madigadi mapana na kava linalofunika cheni yote, kama zile za mtumba zinazotoka Japani na Ulaya.

Tuanze na chumvi, maana ndiyo yenye gharama. Watu wengi hudhani baiskeli isiyoguswa na maji ya bahari iko salama. Lakini upepo wa pwani hubeba chembe za chumvi hadi uani, na chumvi huvuta maji kutoka hewani: unyevu ukipita takriban asilimia 75, chembe hizo huyeyuka zenyewe bila tone la mvua. Usiku wa pwani hufika kiwango hicho mara nyingi, kwa hiyo baiskeli iliyolazwa barazani huamka na utando wa maji ya chumvi juu ya kila chuma kilicho wazi. Cheni ndiyo inayoumia zaidi. Pini zake hukaa milimita 12.7 moja hadi nyingine, kwa hiyo ukihesabu nafasi 24 kwa rula unapaswa kupata milimita 304.8. Ukikuta 308, cheni imekwisha, na inakula meno ya sproketi kila inapozunguka. Wengi huikimbilia oili chafu ya gari. Oili nzito namna hiyo hunasa mchanga wa Paje, ambao ni mweupe na laini kama unga, na mchanganyiko huo husaga pini kuliko hata kutu. Ni bora oili nyepesi, tone moja kwa kila kiungo, halafu kinachobaki nje kifutwe kwa kitambaa. Au cheni ifunikwe, shida ipungue tangu mwanzo. Baiskeli ya gia za nje haiwezi kufunikwa hivyo, kwa kuwa cheni yake lazima iruke kutoka sproketi hadi sproketi, na vigurudumu vya kuivuta vinaning'inia chini karibu na mchanga.

Mtetezi wa gia atasema: na kusi je? Hoja hii ina uzito. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi. Mtu anayekwenda kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20 hukutana na hewa inayomjia kwa kilomita 35, na upinzani wake ni zaidi ya mara tano ya ule wa siku shwari. Upepo uleule unaowaleta wageni wa kaiti Paje humgharimu mfanyakazi jasho. Kipindi cha kusi, mkaazi wa Jambiani anayefanya kazi Paje husukumwa asubuhi na kupingwa jioni akiwa kachoka. Wa Bwejuu hupata kinyume chake, na kaskazi ikiingia wanabadilishana. Lakini upepo wa namna hii hauhitaji gia 21. Fundi akitoa sproketi ya nyuma yenye meno 18 na kuweka ya meno 20, kanyagio hulainika kwa asilimia 10 mara moja, na kwa safari ya Jambiani hadi Paje, kama kilomita 6, kasi inayopotea siku ya shwari ni ndogo. Anayetaka zaidi atafute gia tatu zilizofungiwa ndani ya habu ya nyuma. Ufundi huo kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, iliutengeneza tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na baiskeli nyingi za mtumba za kike bado zinao. Gia zimo ndani ya grisi, na cheni haihami mahali pake, kwa hiyo kava linabaki.

Wapo wanaoikwepa lami na magari kwa kupita ufukweni maji yakipwa, pale mchanga ulipokaza. Ni raha, sikatai. Kama njia ya kazini haitegemeki, kwa kuwa saa ya kuingia kazini haihami, ilhali maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Na kila dimbwi unalopita hurusha maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita hadi kwenye gololi za magurudumu. Aliyepita huko aifute baiskeli jioni ileile kwa kitambaa cha maji baridi. Ndoo ya maji yanayomwagwa kwa nguvu huusukuma mchanga ndani ya baringi.

Pingamizi linalonishinda kwa sehemu ni la mzigo. Fremu iliyoinama hupinda zaidi kuliko ile yenye bomba la juu, na anayebeba gunia la mwani au madumu mawili ya maji kwenye kerieri ataona usukani ukitikisika. Huyo abaki na Phoenix ya Kichina, chuma tupu na gia moja, ambayo fundi yeyote anaijua, ila aitafutie kava la cheni. Aibu nayo siipi nafasi: bomba lililoinama liliwekwa kwa ajili ya nguo ndefu, na kanzu ni nguo ndefu kama lilivyo buibui. Kabla ya kulipa, fungua nati ya siti ujaribu kuizungusha. Ikiwa imegandia ndani ya fremu, chumvi imeshatangulia, na rangi mpya ya nje isikudanganye.