Wenye nyumba za kupangisha vyumba, kaeni kitako mzungumze

Tukitaja wenye nyumba Mombasa, wengi huwaza magorofa ya Nyali na Tudor, yenye mlinzi getini na ajenti wa kukusanya kodi. Lakini wafanyakazi wengi wa mji huu hawalali huko. Mpakuzi wa bandarini, muuza mahamri, mwalimu wa madrasa na kijana wa bodaboda wamepanga chumba kimoja Majengo, Likoni, Kisauni au Changamwe, katika nyumba ya Kiswahili tunayoijua sote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha uani kuna choo, bafu na mahali pa kupikia. Kila mlango una familia yake. Choo, maji, mita ya stima na ua ni vya wote.

Mwenye nyumba kama hii mara nyingi si tajiri. Ni mjane, ni mstaafu, au ni ndugu walioachiwa nyumba na mzazi wao. Kodi ya vyumba ndiyo pensheni yake, ndiyo karo ya wajukuu, ndiyo dawa ya sukari na presha. Na shida zake hazifanani na za mwenye gorofa. Ajabu ni kwamba wenye nyumba hizi wamepakana ukuta kwa ukuta, wanasali msikiti mmoja, na bado kila mmoja anahangaika peke yake na tatizo ambalo jirani yake analo vilevile.

Katika baadhi ya mitaa wameanza kukutana, wengine barazani baada ya Alasiri, wengine kwa kundi la WhatsApp. Ni jambo jema. Makala haya yanaeleza mambo yanayofaa kuzungumzwa katika vikao hivyo, na jambo moja la kuepukwa.

Nyumba yako, ardhi ya mwenzio

La kwanza ni lile linalotuhusu watu wa Pwani zaidi kuliko sehemu nyingine za Kenya: nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta, paa na milango, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye humlipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Mtindo huu ni wa tangu enzi za ukoloni, na mitaa mizima ya Mombasa imejengwa hivyo.

Ubaya wake ni wa aina tatu. Benki haikupi mkopo, kwa kuwa huna hati ya ardhi ya kuweka rehani. Kujenga kwa mawe ni hatari, kwa sababu mwenye kiwanja huenda akakataa, au akakuacha ujenge kisha akataka ardhi yake. Na kiwanja kikiuzwa, mnunuzi huja na makaratasi yake, na familia iliyokaa hapo miaka hamsini ikaambiwa ibomoe nyumba iondoke.

Hapa ndipo kukutana kunapoleta faida ya haraka. Nyumba ishirini zikiwa juu ya kiwanja cha mtu mmoja, wenyewe wakae pamoja waulizane: nani ana risiti za kodi ya ardhi? Nani ana karatasi yoyote aliyotiliana saini na mwenye ardhi au wakili wake? Kila mtu ana kipande, na vipande vikikusanywa huwa ushahidi. Mwenye ardhi akitaka kuuza, ni rahisi zaidi kwake kuzungumza bei na kundi moja kuliko na watu ishirini, na kwa kundi ni rahisi kumlipa wakili mmoja kuliko kila mtu kutafuta wake. Anayesubiri mpaka notisi ibandikwe mlangoni amechelewa.

Mita moja, milango sita

Ugomvi mkubwa wa uani ni stima. Tokeni zimeisha, nani alinunua mara ya mwisho? Mwenye friji anamlaumu mwenye pasi, mwenye pasi anamlaumu mwenye redio.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani imepangwa kwa ngazi tatu kulingana na wastani wa matumizi ya mita kwa mwezi. Mita isiyozidi yuniti 30 hulipa bei nafuu kuliko zote. Kutoka hapo hadi yuniti 100 bei hupanda. Ikizidi 100 hupanda tena.

Sasa piga hesabu. Familia sita, kila moja inatumia yuniti 20 tu, yaani taa, simu na feni kidogo. Kila familia ingekuwa na mita yake, zote zingelipa bei ya chini kabisa. Lakini kwa kuwa wote wako kwenye mita moja, mita hiyo inasoma yuniti 120, na zote sita zinalipa bei ya juu kabisa. Maskini sita wakiunganishwa kwenye mita moja, kampuni ya stima inawaona kama tajiri mmoja.

Mita ndogo za ndani, zile za kuhesabu matumizi ya kila chumba, husaidia kumaliza ugomvi maana kila mtu hulipa alichotumia. Haziondoi tatizo la bei, kwa sababu kampuni inaiona mita kubwa peke yake. Dawa kamili ni kuomba mita zaidi za kampuni. Gharama ipo, na waya wa ndani lazima utengenezwe upya na fundi mwenye leseni. Wenye nyumba kumi wa mtaa mmoja wakimwita fundi mmoja kwa siku zinazofuatana, bei yake huwa ya kuzungumzika.

Maji na shimo la choo

Mombasa haina mto wa kuitosheleza. Maji yetu hutoka mbali, mengine Mzima kule Taita Taveta, mengine Baricho kwenye mto Sabaki, na mengine visima vya Tiwi. Bomba likikauka wiki nzima, mpangaji hununua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni, na fedha hizo mara nyingi ndizo alizoziweka kwa kodi. Kwa hivyo mwenye nyumba asidhani ukosefu wa maji ni shida ya mpangaji pekee. Ni shida ya kodi yake pia.

Choo nacho ni hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya mji haijafikiwa na mabomba ya maji taka, na nyumba nyingi hutegemea shimo. Shimo lililochimbwa kwa familia moja leo linatumiwa na watu ishirini na tano, na kiwanja kidogo hicho hicho kina kisima ambacho watu huoshea vyombo. Kipindupindu kimetutembelea Pwani mara nyingi, na njia yake ni hii.

Katika kikao, jambo la kukubaliana ni dogo lakini lina nguvu: kuita gari la kunyonya choo kwa zamu, nyumba tatu au nne siku moja. Pia kuchangia tangi kubwa la maji pale ambapo nyumba mbili zina ua mmoja. Na mwenye nyumba aamue tangu mwanzo watu wangapi wanaweza kutumia choo kimoja kwa heshima, kisha asiongeze chumba cha mabati uani kwa tamaa ya kodi moja zaidi.

Kodi isiyolipwa na kufuli mlangoni

Mpangaji akichelewa miezi miwili, wengi wetu hukimbilia kufuli, au kung'oa mlango, au kukata stima. Hasira inaeleweka, kwa kuwa mwenye nyumba naye ana deni dukani. Lakini sheria haiko naye.

Chumba ambacho kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi kinalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296. Kumtoa mpangaji wa chumba hicho kwahitaji amri ya jopo linaloamua mizozo ya kodi. Chumba cha kodi ya juu zaidi hakimo humo, lakini hata hapo, pasipo mkataba wa muda maalumu, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua kipindi cha malipo: anayelipa kwa mwezi apewe notisi ya mwezi. Na kukamata televisheni au godoro la mpangaji kwa ajili ya deni ni kazi ya dalali mwenye leseni, si ya mwenye nyumba na mwanawe.

Njia nyepesi ni maandishi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatuhimiza kuandikiana deni na kuweka mashahidi, lakini vyumba vyetu twapangisha kwa maneno matupu. Karatasi moja yatosha: jina, kodi, tarehe ya kulipa, amana na sharti la kuirudisha, nani hulipia maji na stima, notisi ya muda gani. Kikundi cha wenye nyumba kinaweza kutunga mkataba mmoja wa Kiswahili chepesi, wakili akaupitia mara moja, na wote wakautumia. Kodi ikilipwa kwa simu, ujumbe wake uhifadhiwe. Ikilipwa mkononi, iandikwe risiti.

Ushuru na mirathi

Mamlaka ya ushuru nayo inawatazama wenye nyumba. Kodi ya nyumba za makazi inayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka, hadi milioni 15, hutozwa ushuru wa kila mwezi, na tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5. Hutozwa kwenye kodi yote iliyopokewa, bila kupunguza gharama za ukarabati, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Kwa mfano, vyumba sita vya shilingi 3,500 huleta 21,000 kwa mwezi, yaani 252,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba huyo hafiki kiwango hicho, ingawa mapato hayo bado ni ya kutajwa katika ripoti yake ya kila mwaka. Vyumba vinane vya bei hiyo huleta 28,000 kwa mwezi, 336,000 kwa mwaka. Huyu amefika, na ushuru wake ni shilingi 2,100 kila mwezi. Wengi huogopa jambo hili kwa kutolijua. Kikao kimoja na mhasibu mmoja kingewatoa wasiwasi watu hamsini.

Zito kuliko ushuru ni mirathi. Baba amefariki miaka kumi na tano iliyopita, nyumba haijagawanywa, na ndugu mmoja ndiye anayekusanya kodi. Paa likivuja hakuna wa kulitengeneza, kwa sababu kila mrithi asema si langu peke yangu. Dada walioolewa mbali hawaoni hata shilingi, na fungu lao limetajwa wazi katika dini. Mpangaji naye hajui amlipe nani. Mahakama ya Kadhi, inayotambuliwa na Katiba katika mambo ya mirathi ya Waislamu, ipo kwa ajili hiyo. Familia ikifuata taratibu mapema, nyumba inaweza kubaki ya wote na kodi ikagawanywa kwa mafungu. Ikingoja ugomvi, mara nyingi mwisho wake ni kuuzwa.

Kikao kisigeuke njama

Nimesema kuna jambo la kuepukwa. Wenye nyumba wakikutana, rahisi zaidi kukubaliana ni kupandisha kodi wote kwa pamoja. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza wafanyabiashara kupanga bei pamoja, na hata kama sheria isingekuwapo, ni dhuluma kwa jirani asiye na pa kukimbilia.

La pili ni kurushiana kwenye WhatsApp picha za vitambulisho vya wapangaji, na chini yake maneno "huyu ni mwizi wa kodi". Kitambulisho ulipewa kwa ajili ya kumpangisha chumba, si kumtangaza mji mzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yaweza kumfikisha mahali pabaya anayefanya hivyo. Mpangaji aliyepoteza kazi si mwizi, na mwenye kuaibishwa leo huenda kesho ndiye mfadhili wa mwanao.

Kwa hivyo nashauri kila kikao kiwe na siku ya kuwaita wapangaji wawili watatu wasikilizwe. Wao ndio wanaojua bomba lipi linavuja na mlango upi wa choo haufungi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkishaelewana, jisajilini chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, muwe na jina, mweka hazina na daftari. Mkiandika barua kwa kaunti, kwa kampuni ya maji au kwa mwenye kiwanja, itakuwa barua ya mtaa, si ya mtu mmoja. Nyumba hizi ndizo zinazomwezesha mtu wa kipato kidogo kuishi karibu na kazi yake na msikiti wake. Wenyewe wakishindwa kuzitunza, mnunuzi yuko tayari, na gorofa atakalojenga halitakuwa na chumba cha shilingi 3,500.