Ahadi za Kazi: Zigeuze Kabla ya Kupiga Kura

Mama mwenye kijana aliyemaliza shule na bado yuko nyumbani anajua uzito wa neno kazi. Asubuhi kijana huondoka na vyeti ndani ya bahasha, jioni hurudi navyo. Kwa hiyo mgombea anaposimama na kusema, "Nitawapa kazi," tunamwamini upesi. Lakini mama huyo huyo akienda sokoni hanunui nyanya bila kuzigeuza. Ahadi za kazi nazo zinahitaji kugeuzwa.

Tuchukue mfano wa uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 9, 2022. Wagombea urais walikuwa wanne, lakini shindano kubwa lilikuwa kati ya wawili: William Ruto wa Kenya Kwanza, aliyeshinda, na Raila Odinga wa Azimio, aliyefariki Oktoba 2025. Wote wawili walizungumzia kazi na umaskini. Hata hivyo, hawakuahidi kitu kimoja.

Mkopo, msaada au mshahara?

Ruto alisema uchumi ujengwe kuanzia chini, kwa mama mboga, mwendesha bodaboda na fundi wa jua kali. Aliahidi Sh50 bilioni kila mwaka za mikopo nafuu kwa biashara ndogo, na ujenzi wa nyumba 250,000 kwa mwaka ili mafundi wapate kazi. Raila aliahidi Sh6,000 kila mwezi kwa familia maskini milioni mbili, na viwanda kupitia mpango wa kila kaunti kuwa na bidhaa yake.

Tazama tofauti, dada. Mkopo si mshahara. Lazima urudishwe, biashara iende isiende. Msaada wa kila mwezi nao si kazi, ingawa unaweza kuwalaza watoto wakiwa wameshiba. Ujenzi na viwanda ndivyo vinavyoajiri, lakini huhitaji fedha nyingi na muda mrefu.

Nani atalipa?

Hapa tutumie hesabu tunayoitumia jikoni. Sh6,000 kwa familia milioni mbili ni Sh12 bilioni kila mwezi, yaani Sh144 bilioni kwa mwaka. Zingetoka wapi?

Nyumba nazo zilihitaji mlipaji. Mwaka 2023 sheria ya fedha ilileta ushuru wa nyumba: asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na kiasi hicho hicho kutoka kwa mwajiri. Ulipingwa mahakamani, na Machi 2024 sheria mpya ikatiwa sahihi. Kwa mume au mke anayepata Sh30,000, hizo ni Sh450 zinazokatwa kabla mshahara haujafika nyumbani. Huenda fundi wa jirani akapata kazi kwa fedha hizo. Lakini ni haki ya mpiga kura kuuliza bei mapema.

Je, inafaa kazi yako?

Hazina ya Hustler ilizinduliwa Novemba 30, 2022. Mtu binafsi aliweza kukopa kuanzia Sh500 hadi Sh50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na kulipa baada ya siku 14. Mama anayeuza sukuma wiki huzungusha pesa zake kila siku, kwa hiyo siku 14 zinaweza kumtosha. Lakini anayefuga kuku wa nyama husubiri wiki tano au sita kabla ya kuuza. Deni lake litadaiwa kuku wakiwa bado wadogo. Ahadi ile ile humsaidia mmoja na kumbana mwingine.

Maswali ya kuuliza

Mgombea yeyote akija kwenu, awe wa urais au wa udiwani, muulize:

1. Unaahidi mshahara, mkopo au msaada?
2. Fedha zitatoka wapi, na sisi tutakatwa kiasi gani?
3. Nani hasa atapata kazi hizo, na kwa muda gani?
4. Je, cheo unachoomba kina uwezo wa kutimiza jambo hilo?

Swali la nne lisisahauliwe. Diwani wa wadi hawezi kujenga viwanda vya nchi nzima, lakini anaweza kusimamia soko, leseni na ada za kaunti zinazomsumbua mama mfanyabiashara.

Mwulize maswali haya mumeo pia, na kijana wako aliye na kura. Mkikubaliana, ni vema. Msipokubaliana, msigombane, maana kura ni siri ya kila mmoja. Kisha andika ahadi katika daftari: nani, kiasi gani, lini. Miaka mitano baadaye atakaporudi kuomba tena, fungua daftari hilo kabla hujafungua masikio.