Ratiba ya mwanao imo mikononi mwa nani?

Mzazi, jibu swali hili kabla hujaendelea kusoma. Ijumaa saa kumi na nusu alasiri, mwanao huwa wapi, na huwa na nani? Ikiwa anasoma shule ya kutwa, yamkini utasema yuko njiani kurudi nyumbani. Lakini huenda kuna watu usiowajua wanaoweza kulijibu swali hilo vizuri kukuliko, kwa sababu jibu limo katika simu zao.

Siku hizi kuna programu za simu zinazowawezesha wanafunzi kuonyeshana ratiba. Mwanafunzi huandika jina la shule, darasa, masomo na saa zake. Baadaye huona ni nani wana kipindi kimoja naye, nani hana shughuli baada ya masomo, na ni karamu au mechi gani inapangwa wikendi. Hapa Nairobi wengi hufanya vivyo hivyo katika makundi ya WhatsApp, hasa likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka zinapofika na wale wa shule za bweni kushika simu tena. Mipango ya kukutana mjini au Westlands hupitia humo.

Jambo lenyewe si baya. Kijana anayejifunza kupanga wakati wake anajifunza jambo la maana, na kuwa na marafiki ni sehemu ya afya yake. Kwa hivyo usijiulize kama simu ni mbaya. Jiulize kama programu hii inamlinda mtoto au inamwanika.

Hatari iko wapi?

Chukua mfano wa msichana wa miaka 15 anayeishi Kangemi na kusoma Lavington. Ratiba yake inasema kwamba Jumanne hubaki shuleni kwa mazoezi ya netiboli hadi saa kumi na moja jioni. Jumamosi huenda maktaba mjini, kisha hupanda matatu ya kurudi nyumbani.

Picha yake ingemwonyesha mtu mwenye nia mbaya sura tu. Ratiba humwonyesha mahali atakapokuwa, saa atakayokuwa hapo, na kwamba huenda atakuwa peke yake. Isitoshe, mtu huyo tayari anajua majina ya rafiki zake na masomo anayosoma. Itakuwa rahisi kwake kujifanya mwanafunzi wa darasa la juu na kuanzisha mazungumzo. Mtoto hatashuku kitu, maana anayezungumza naye anaonekana kuijua shule yake.

Haya si mambo ya kubuni. Huko Marekani, kampuni ya programu iitwayo Saturn, inayotumiwa na wanafunzi wa shule za upili kuonyeshana ratiba, ilikubali mwaka 2025 kulipa dola 650,000 baada ya uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York. Lalamiko kubwa lilikuwa kwamba kampuni iliwaahidi watumiaji kuwa wanaoingia ni wanafunzi waliothibitishwa, ilhali watu wengine pia waliweza kuingia.

Hapa kwetu, mnamo Machi 2016 tangazo la karamu ya vijana iliyopewa jina Project X lilisambaa mitandaoni na kuwatia wazazi hofu, hata polisi wakaingilia kati. Novemba 2020, polisi waliwakamata vijana 44 wa umri wa kati ya miaka 14 na 17 katika karamu ndani ya nyumba moja mtaani Mountain View, karibu na Kangemi. Matukio hayo hayakuhitaji programu maalumu. Ilitosha vijana kupata mahali pa kuitana pasipo na mtu mzima anayejua.

Maswali matano ya kumpimia

Kabla hujakubali wala kukataa, keti na mwanao, fungueni programu hiyo pamoja, kisha mtafute majibu haya.

1. Nani anaweza kuingia? Jaribu mwenyewe. Chukua simu yako, chagua shule ya mwanao, ujisajili. Ukijikuta ndani bila kuombwa uthibitisho wowote kwamba u mwanafunzi wa shule hiyo, jua kwamba mgeni yeyote anaweza kuingia vivyo hivyo.

2. Wengine wanaona nini? Baada ya kujisajili, tazama kama ratiba inaonekana kwa shule nzima au kwa wale tu ambao mtoto amewakubali. Programu nzuri huficha kila kitu mpaka mwenyewe aamue kufungua.

3. Nani anaweza kumwandikia? Ujumbe kutoka kwa mtu asiyekubaliwa haufai kumfikia.

4. Inaomba ruhusa gani? Kuandika kwamba hisabati ni saa mbili asubuhi hakuhitaji kujua simu iko wapi, wala kusoma namba zote zilizohifadhiwa ndani yake. Ikidai hayo, kataa ruhusa. Ikigoma kufanya kazi bila ruhusa hizo, iondoe.

5. Je, kuna njia ya kulalamika na kufuta? Tafuta mahali pa kuripoti mtu msumbufu, pa kumzuia, na pa kufuta akaunti yote pamoja na habari zilizomo.

Swali la kwanza ndilo zito kuliko mengine. Programu ikishindwa hapo, ikatae hata kama imefaulu katika yale manne. Kufuli za ndani hazisaidii ikiwa lango liko wazi.

Aidha, usidanganywe na maandishi kwamba programu ni ya "miaka 13 na zaidi". Umri huo ulienea kutokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu habari za watoto mtandaoni. Si daktari aliyempima mtoto akaona kwamba akitimiza miaka 13 anaweza kukabiliana na wageni.

Sheria iko upande wako

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inasema kwamba habari za mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, hazifai kushughulikiwa bila idhini ya mzazi au mlezi. Mnamo 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Roma School, faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nawe unaweza kuwasilisha malalamiko katika afisi hiyo.

Usingizi na moyo

Kuna madhara mengine yasiyohusu wageni. Kijana anahitaji kulala kati ya saa 8 na 10 kila usiku. Anayeamka alfajiri kuwahi matatu ya Waiyaki Way hawezi kupata usingizi huo ikiwa simu inalia saa tano usiku kuarifu kwamba mpango umebadilika. Pia kuna uchungu wa kuona darasa zima limepanga kukutana Sarit Centre na wewe hukualikwa. Kubalianeni kwamba simu zote zitalala sebuleni, yako ikiwemo.

Dalili za kuangalia ni hizi: kuficha simu ghafla, kukosa usingizi au hamu ya kula, kuogopa kwenda shule, na kuwa na pesa au zawadi zisizoelezeka.

Ukiona hayo, usimfokee wala kumnyang'anya simu papo hapo. Mtoto aliyenyang'anywa hufungua akaunti kwa simu ya rafiki, na hatakuambia tena. Msikilize. Msifute ujumbe wowote, kwa kuwa ni ushahidi. Ikiwa kuna anayemtishia kwa picha, msimlipe. Piga simu 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto inayopokewa usiku na mchana, au uende kituo cha polisi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana, mwombe mwanao akuonyeshe jinsi yeye na wenzake wanavyopanga wikendi. Muulize kama mwanafunzi, wala si kama mpelelezi. Nusu saa itatosha kwa maswali yote matano.