Nguvu au Nishati? Istilahi na Kipimo Chake

Mswahili husema nguvu ya mwili, ya dawa, hata ya hoja. Je, neno hilo latosha kutaja kile kinachoshikanisha atomu mbili? Kabla ya kujibu, tutazame jinsi kitu hicho kinavyopimwa.

Katika miaka ya 1940, Michael Szwarc, mkemia mzaliwa wa Polandi, alipitisha mvuke wa toluini katika tanuri kwenye Chuo Kikuu cha Manchester. Joto kali lilivunja kifungo baina ya kaboni na hidrojeni. Vipande vilivyobaki, yaani radikali za benzili, viliungana viwili viwili vikawa dibenzili. Kiasi cha dibenzili kikadhihirisha idadi ya vifungo vilivyovunjika. Kisha alibadili joto na kulinganisha kasi: kadiri kasi inavyoathiriwa zaidi na ongezeko la joto, ndivyo kifungo kilivyo kigumu kuvunjika. Alipata kilokalori 77.5 kwa moli. Vipimo vya baadaye vimetoa takriban 90, kwani mmenyuko huo una hatua nyingi kuliko alizozihesabu.

Tuzingatie basi kwamba hakuna aliyevuta chochote. Kilichopimwa ni gharama ya kutenganisha, na gharama hiyo ni nishati. Tukiandika "nguvu ya kifungo", mwanafunzi atawaza kamba inayovutwa. Tukiandika "nishati ya kuvunja kifungo", istilahi yenyewe itamweleza jaribio lilivyofanyika. Mwanaistilahi hana budi kukijua kipimo kabla ya kuchagua neno.