Meza Inayofunguka: Hesabu ya Fundi wa Migori na Homa Bay

Meza ya karakana ya kuchomelea kando ya barabara ya A1 mjini Migori haihitaji maelezo mengi. Ina miguu minne ya bomba la mraba au anglaini, bamba la chuma juu, jiliwa iliyofungwa kwenye kona moja, na madoa meusi pale fundi anapozoea kubandika kazi yake. Aliichomelea mwenyewe. Akitaka iwe fupi, anaikata, na akihama, anatafuta pikapu au mkokoteni, kwa sababu haifunguki.

Meza ya alumini ya kuunganisha inafunguka. Fremu yake ni ya profaili, yaani miti ya alumini iliyosukumwa kiwandani kupitia tundu lenye umbo maalumu, ikatoka na mfereji katika kila moja ya pande zake nne. Nati huteleza ndani ya mfereji, kipande cha kona hukazwa kwa bolti, na fremu nzima husimama bila cheche hata moja. Siku ya pili unaweza kuishusha, kuirefusha, au kuifungua yote ukaifunga kama kuni. Ni kifaa kizuri. Ninachotaka kujua ni bei ya uzuri huo, na kama hauwezi kupatikana kwa njia ya bei nafuu.

Tuchukue meza moja ya mfano: urefu mita 1.8, upana mita 0.75, kimo mita 0.85. Miguu minne inakula mita 3.4. Fremu ya juu ni mita 5.1, ya chini mita 5.1 nyingine, na mti mmoja wa kukatiza chini ya uso ni mita 0.75. Jumla ni mita 14.35. Uso wa meza, uwe bamba au plaiwudi, nimeuacha nje kwa sababu ni uleule kwa kila fremu. Vipimo, uzito na kodi havitegemei duka. Bei za vifaa na ujira nimeziweka ili hesabu iende, na msomaji anaweza kuingiza za duka lake katika mistari hiihii.

Kwanza chuma cha kuchomelea. Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene milimita 2, lina uzito wa takriban kilo 2.33 kwa mita, kwa hiyo fremu nzima ni kilo 33.4. Bomba huuzwa kwa urefu wa mita 6. Ukipanga mikato vizuri, mabomba matatu yanatosha na unabaki na kipande kizima cha mita 3, ambacho hakuna fundi atakayekitupa. Kwa Sh2,100 kila bomba, chuma ni Sh6,300. Elektrodi, diski ya kukatia na rangi ni Sh1,200, na ujira ni Sh2,000. Jumla ni Sh9,500.

Sasa alumini. Profaili ya kipimo hichohicho cha 40 kwa 40 ina uzito wa karibu kilo 1.6 kwa mita, hivyo fremu ni kilo 23. Kabla ya kiwanda kuigusa, alumini ghafi ikiwa dola 2,500 kwa tani na dola ikiwa Sh129, kilo hizo 23 zina thamani ya takriban Sh7,400. Tafadhali simama hapo kidogo. Malighafi peke yake, ikiwa bado ni pande la kuyeyushwa, imeshaipita bei ya mabomba matatu yaliyo tayari kukatwa.

Kiwanda kikiuza profaili kwa dola 4 kwa kilo, mita 14.35 ni karibu dola 92. Ongeza asilimia 15 ya meli na bima, na mzigo unafika Mombasa ukiwa na thamani ya Sh13,624. Kodi zinaanza hapo. Nikichukulia daraja la asilimia 25 la ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5, tozo ya maendeleo ya reli ya asilimia 2, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya thamani pamoja na ushuru, mzigo unapanda kwa asilimia 49.5. Yaani Sh100 iliyoshuka melini inatoka bandarini ikiwa Sh149.50. Profaili zetu sasa ni Sh20,368. Karakana iliyosajiliwa hudai VAT yake, lakini usajili ni wa lazima kwa mwenye mauzo ya Sh5 milioni kwa mwaka. Fundi mdogo wa Oyugis au Awendo asiyefika hapo hana pa kuidai, na kwake kodi hiyo ni gharama kamili.

Mwagizaji akiweka faida ya asilimia 20, profaili zinamfikia mnunuzi kwa Sh24,442. Viungo vinafuata. Kila mguu unapokea miti miwili juu na miwili chini, yaani viungo 16, na mti wa kukatiza unaongeza viwili. Vipande 18 vya kona kwa Sh150 ni Sh2,700. Bolti 36 na nati zake za mfereji, kwa Sh60 kila jozi, ni Sh2,160. Usafiri wa kutoka Nairobi ni Sh1,000, na saa chache za kuunganisha ni Sh500. Jumla ni Sh30,802.

Sh30,802 dhidi ya Sh9,500 ni mara 3.2. Tofauti ni Sh21,302.

Huenda msomaji akadhani nimeipandisha alumini kwa makusudi. Basi tuishushe. Kama serikali ingeondoa kila senti ya kodi bandarini, meza ingekuwa Sh22,709, ambayo bado ni mara 2.4 ya ile ya chuma. Kama profaili zingeuzwa nusu ya bei niliyoweka, meza ingekuwa Sh18,581, karibu maradufu. Upande wa pili nao upo. Mapema mwaka 2024 dola ilifika karibu Sh160, na kwa kiwango hicho meza hii ingekuwa takriban Sh36,700. Chuma nacho hupanda dola inapopanda, kwani sehemu kubwa ya malighafi yake huagizwa, lakini kinaanzia chini.

Kuna dhana moja inayosikika sana wauzaji wanapozungumza, kwamba alumini ni imara kama chuma. Inategemea unapima nini. Ukakamavu wa chuma ni takriban gigapaskali 200, wa alumini ni 70. Weka mzigo wa kilo 200 katikati ya meza yetu, ugawane miti miwili ya mbele na nyuma, na uhesabu kana kwamba ncha zimelala tu juu ya miguu na uso wa meza hausaidii chochote. Mti wa chuma utashuka takriban milimita 8.5. Wa alumini utashuka karibu milimita 19. Katika meza halisi namba zote mbili zitakuwa ndogo zaidi, maana viungo na uso hubeba sehemu ya kazi, lakini uwiano wa zaidi ya mara mbili haupotei. Dawa ipo: miguu miwili ya katikati hupunguza kushuka huko hadi moja ya nane. Dawa hiyo ni mita 1.7 za profaili, karibu Sh2,900 bila viungo, na hazimo katika hesabu ya juu.

Joto ni jambo la pili. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 tu, na aloi inayotumika kwa profaili nyingi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ikipashwa moto kabla hata ya kufika huko. Mafundi wanaowatengenezea wachimbaji dhahabu wa Nyatike mashine za kusaga mawe, au wanaochomelea trela za miwa za Awendo na Ndhiwa, hufanya kazi yao kwa moto na nyundo. Unga wa grinda utaijaza mifereji, na mtikisiko wake utalegeza bolti. Kukaza bolti 36, nusu dakika kila moja, ni dakika 18. Ukifanya hivyo kila mwezi, ni saa 3 na dakika 36 kwa mwaka. Si mzigo mkubwa, ila unahitaji mtu wa kuukumbuka.

Kutu ndiyo hoja ambayo watu wa ziwani huitaja kwanza, na wana haki. Unyevu wa Mbita na Kendu Bay hauhurumii chuma kilichokwaruzwa. Lakini tuihesabu badala ya kuiogopa. Rangi mpya ya Sh700 kila miaka miwili ni Sh3,500 kwa miaka 10, yaani asilimia 16 ya ile tofauti ya Sh21,302.

Inabaki faida moja ya kweli, nayo ni kubadilika. Nikadirie kwamba kuikata meza ya kuchomelea, kuibadili kimo au upana na kuipaka rangi tena ni Sh2,500 kwa kila badiliko, na kwa alumini ni Sh300 za muda wa fundi. Kila badiliko linaokoa Sh2,200. Kurudisha Sh21,302 kunahitaji mabadiliko 10.

Ila ulinganisho huo una kasoro, na hapa ndipo ninapotofautiana na hesabu nyingi za namna hii. Unachukulia kwamba chuma lazima kichomelewe. Si lazima. Mabomba yaleyale ya Sh6,300 yanaweza kutobolewa kwa drili na kufungwa kwa bolti. Bolti 36 za Sh40 ni Sh1,440. Vipande 18 vya anglaini vya kushikia kona, kwa Sh50, ni Sh900. Rangi ni Sh700. Ujira nimeupandisha hadi Sh3,000, kwa sababu kutoboa matundu yakalingana kunachukua muda kuliko kuchomelea. Jumla ni Sh12,340.

Meza hiyo nayo inafunguka. Imezidi ya kuchomelea kwa Sh2,840. Kama kuibadili ni Sh1,000, maana utatoboa matundu mapya, unaokoa Sh1,500 kila mara na pesa imerudi katika badiliko la pili. Ukitoka hapo kwenda alumini unaongeza Sh18,462 ili uokoe Sh700 kwa kila badiliko. Utahitaji mabadiliko 27.

Uzito nao unasomeka upya. Anayevusha karakana yake kwa boti kutoka Mbita kwenda Mfangano anajua kila kilo anayobeba. Fremu iliyochomelewa ni pande moja la kilo 33.4. Ya bolti ina uzito huohuo na kidogo zaidi, lakini ni furushi. Ya alumini ni furushi la kilo 23. Tofauti ya kilo 10.4 inalipiwa Sh18,462, sawa na karibu Sh1,775 kwa kila kilo isiyobebwa.

Mtaji ndio unaoamua mwisho, hata pale hesabu ya miaka 10 inapovutia. Mkopo wa mtu binafsi wa Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 2022, ulianza na riba ya asilimia 8 kwa mwaka na muda wa siku 14. Riba ya siku 14 kwa Sh30,802 haifiki Sh100, haina neno. Kinachobana ni muda: ni lazima meza hiyo iingize Sh2,200 kila siku, juu ya chakula na kodi ya kibanda, ili deni liishe. Meza ya bolti inadai Sh881 kwa siku, ya kuchomelea Sh679.

Kwa upande wa serikali za kaunti, tofauti hizi ndogo hukua. Mpango wa maeneo ya viwanda ya kaunti ulioanza 2023 unalenga kila kaunti iwe na eneo la Sh500 milioni, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti yenyewe. Eneo la Homa Bay liko Riwa, Karachuonyo. Asilimia moja tu ya pesa hizo, Sh5 milioni, ingenunua fremu 162 za alumini au 405 za chuma cha bolti. Fremu 243 za tofauti hiyo ni nafasi za kazi kwa mafundi 243, na zingetengenezwa na mafundi wa hapohapo, ujira wa Sh3,000 kila moja ukibaki Homa Bay. Kwa fremu 405, ujira huo ni Sh1,215,000. Kwa alumini kinachobaki ni Sh500 za kuunganisha, mara 162, yaani Sh81,000.

Wapo wanaofaa kununua alumini. Anayeunganisha vifaa vya sola au kurekebisha simu na redio, anayefungasha bidhaa za chakula, na darasa la chuo ambamo meza hupangwa upya kila kozi inapobadilika, hawana moto wala nyundo, na mabadiliko 27 yanaweza kuwafikia ndani ya miaka mitano. Wengine wote waanze kwa kuhesabu ni mara ngapi waliibadili meza yao mwaka uliopita. Aliye chini ya mara tatu kwa mwaka hatairudisha pesa yake hata kwa miaka 9. Fundi huyo anunue mabomba matatu, bolti 36, na aazime drili.