Ankara mbili, mzigo mmoja: Linganisha mafaili kabla lori halijafika mpakani

Lori la mchele likishatoka Kahama kuelekea Rusumo, mwenye mzigo hana tena nafasi ya kukaa mezani kupanga hati. Kinachofuata ni simu ya wakala wa forodha: ankara aliyonayo inasema magunia 300, dereva anasema amepakia 280. Atamke ipi?

Mara nyingi jibu lipo. Magunia 20 yalilowa mvua yakabaki ghalani, ankara mpya ikaandikwa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta. Lakini flashi aliyopewa wakala ilijazwa jana yake. Sasa kuna folda mbili zenye jina moja, ndani yake ankara mbili zenye namba moja na hesabu tofauti. Hakuna aliyeziweka ubavu kwa ubavu akaziangalia, na lori linasubiri kwenye maegesho huku gharama zikipanda.

Wafanyabiashara wengi wa mipakani sasa wanatunza hati zao kwenye kompyuta au simu. Ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha uasili wa bidhaa, cheti cha afya ya mimea, risiti za malipo, vyote vinatumwa huku na huko. Baada ya safari tatu tu, folda inajaa "ankara mpya", "ankara mpya kabisa" na "ankara ya mwisho (1)". Ipo njia ya zamani na rahisi ya kutoka kwenye vurugu hiyo.

Pande mbili kwenye skrini moja

Mwaka 1986 ilitoka programu iitwayo Norton Commander, iliyoandikwa na John Socha. Iligawa skrini pande mbili: kushoto orodha ya mafaili ya folda moja, kulia orodha ya folda nyingine. Wazo hilo halijafa. Mswisi Christian Ghisler alitoa programu yake mwaka 1993, ambayo leo inajulikana kama Total Commander. Hiyo hujaribiwa kwanza, kisha hulipiwa. Double Commander hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo na ni ya bure.

Matumizi yake hayana mzunguko. Kushoto funguliwa folda ya kompyuta, kulia funguliwa flashi. Kitufe cha Tab huhamisha mtumiaji kutoka upande mmoja kwenda mwingine, F3 huonyesha faili, F5 hunakili faili kwenda upande wa pili. Asiye na programu hizo anaweza kufungua madirisha mawili ya kawaida ya Windows na kuyapanga kushoto na kulia, ila kila dirisha atalisogeza kwa mkono wake.

Mmoja akienda, wa pili afuate

Faida kubwa huonekana pande hizo mbili zinapofungwa pamoja. Total Commander na Double Commander zina amri ya kufanya pande zote ziingie folda kwa pamoja. Mtumiaji akifungua folda ya "Rusumo" kushoto, upande wa kulia nao unaingia "Rusumo". Akishuka hadi "Ankara", kulia nako kunashuka. Upande wa pili ukishindwa kufuata, hiyo yenyewe ni taarifa: folda hiyo haipo kwenye flashi, au imeandikwa kwa jina jingine.

Kwa sababu hiyo majina lazima yafanane. Folda iliyoitwa "Ankara" upande mmoja na "Invoice" upande mwingine haziwezi kufuatana, hata kama zilizomo ni hati zile zile. Wenye biashara ya kuvuka mipaka zaidi ya mmoja wakubaliane na mawakala wao mpangilio mmoja: folda kuu ya mpaka, ndani yake folda ya kila safari, na ndani ya kila safari folda za hati zenye majina yale yale. Jina la safari lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2025-03-14-mchele. Hapo kompyuta ikipanga kwa jina, inakuwa imepanga pia kwa tarehe.

Vichupo, yaani vile vilimi vinavyokaa juu ya orodha, hufanya kazi kwa mtindo huo. Mfanyabiashara anayepita Rusumo, Mutukula na Namanga anaweza kuwa na kichupo cha kila mpaka kushoto, na mwenzake kulia. Directory Opus, programu ya kulipia kutoka Australia, inaweza kuunganisha kichupo cha kushoto na cha kulia, ukigusa kimoja na cha pili kinafunguka. Total Commander huhifadhi vichupo vyote kwenye faili ili virudishwe kesho vilevile.

Katika kushuka orodha, jambo la kuangalia ni mstari wa kwanza unaopishana. Orodha mbili zilizopangwa kwa jina zikishuka sambamba, kila faili hukaa mkabala na mwenzake hadi pale moja inapokosekana. Kuanzia hapo mistari yote inahama nafasi moja. Kasoro iko pale ilipoanzia, hakuna haja ya kuhangaika na iliyo chini yake. Dirisha la kulinganisha folda la Total Commander husaidia zaidi, kwani huweka mafaili ya pande zote kwenye orodha moja na kuacha nafasi wazi penye upungufu.

Kwa mafaili ya maandishi, zipo pia amri za kulinganisha yaliyomo, ambapo pande zote husogea pamoja na mistari iliyotofautiana huwekewa rangi. Kwa picha na PDF, msaada ni mdogo: programu itasema tu kwamba mafaili hayalingani. Kujua kama ni magunia 300 au 280 bado ni kazi ya macho ya mwenye mzigo.

Saa ya Kigali na saa ya Kahama

Wanaovuka kwenda Rwanda, Burundi au mashariki mwa Kongo wajihadhari na saa. Huko saa iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, unaoandika saa ya mahali bila kutaja ni saa ya nchi gani. Faili lililohifadhiwa Kigali saa nne asubuhi litaonekana la saa nne kwenye flashi hata likifika Kahama, ilhali nakala iliyo ndani ya kompyuta itaonekana ya saa tano pale kompyuta ikibadili majira. Programu inaweza kudai nakala ya kompyuta ni mpya zaidi, kumbe ni faili lile lile. Tofauti ya saa moja kamili isimtie mtu haraka ya kufuta.

Kufuatana ni kutazama tu

Hapa ndipo wengi huumia. Amri ya kufanya pande mbili zitembee pamoja haibadilishi faili lolote. Amri ya kusawazisha folda, ambayo jina lake kwenye menyu hufanana na hiyo, hunakili na inaweza pia kufuta. Ikiwekwa kwenye mtindo wa kufuata upande mmoja, kila kisichokuwepo upande wa chanzo hufutwa upande wa pili. Aliyekosea mwelekeo akaifanya flashi tupu kuwa chanzo anaweza kupoteza hati za mwaka mzima.

Hasara hiyo haiishii ofisini. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha mamlaka ya kudai vitabu na hati za mzigo ndani ya miaka 5. Asiye na hati hana cha kujitetea nacho.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza, mtumiaji asome mishale inayoonyesha faili gani linaelekea wapi, aangalie ni mangapi yatafutwa, na awe na nakala ya tatu mahali pengine. Kisha ndipo amkabidhi wakala flashi, na dereva awashe gari.